Konflawa za Harusi ya Wanjiru

Naikumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mwanangu, na nikiikumbuka masikio yangu hupata moto hata leo. Ilikuwa siku moja kabla ya harusi ya dada yangu Wanjiru. Boma letu la kule juu ya Molo lilijaa wanawake waliokuja kumenya viazi na kuchambua mchele. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya stoo, mgongo kwenye mbao, nikiomba ardhi inimeze kabla mtu hajanitafuta. Ndani ya stoo mlikuwa na ndoo sita za maua ya harusi. Yote yalikuwa yamekufa, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Nikueleze tangu mwanzo, maana kosa halianzi siku linapoonekana.

Nilimaliza darasa la nane na masomo yangu yakaishia hapo. Nilikuwa kijana wa haya. Nikitumwa dukani nilisimama mlangoni mpaka mwenye duka aniulize ninataka nini. Nilipofikisha miaka ishirini nikapata kibarua Naivasha, katika shamba moja la waridi, na kwa mwaka mmoja na nusu kazi yangu ilikuwa kukata maua. Kibarua kilipoisha nikarudi nyumbani na makasi yangu mfukoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wakanipa jina la heshima. Waliniita Daktari wa Maua. Mama fulani akiniletea ua lililonyauka, nilikuwa nalitazama, natikisa kichwa, nasema, "Maji yamezidi." Kwa kuwa Molo mvua hainyimi mtu, mara nyingi maji yalikuwa yamezidi kweli.

Mtu wa haya akipewa sifa, mwanangu, huishika kama mtoto aliyetumwa na yai. Hathubutu hata kukohoa, asije akaliangusha.

Nilipokuwa narudi kutoka Naivasha nilipitia duka la mbegu mjini Nakuru, nikanunua pakiti moja kwa sababu ya picha iliyokuwa juu yake. Lilikuwa ua dogo la mviringo, petali zake zimechanwachanwa ncha kama kitambaa kilichotoka nyuzi, na rangi yake ilikuwa buluu ya sare ya shule siku inapotoka dukani. Jina lake konflawa. Nyuma ya pakiti palikuwa na maelezo ya Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Nilielewa neno la kupanda na neno la maji. Mengine niliyaacha.

Wanjiru alipoiona picha ile hakuirudisha mezani. Yeye alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa kicheko na wa maamuzi ya haraka, na alikuwa ameposwa na kijana wa Njoro. Akasema, "Kamau, rangi hii ndiyo nataka. Wasichana watavaa buluu hii, na mimi nitashika maua haya." Siku wazee wa pande mbili walipokutana, mama mkwe wake alitaka kumletea waridi kutoka mjini. Wanjiru akamjibu kwa adabu, "Asante mama, lakini sisi tuna daktari wetu nyumbani." Watu wote wakanigeukia. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Dada, ua hili silijui, mimi nalijua waridi tu." Ni maneno machache hayo, lakini yalinishinda. Nilitikisa kichwa kukubali, na jambo likawa limepitishwa.

Nilipanda mwezi wa tano. Konflawa si ua la kubembelezwa sana. Halipendi kuoteshwa kitaluni kisha kuhamishwa, kwa sababu mzizi wake huenda chini moja kwa moja na hutaka kukaa pale ulipozaliwa. Bahati nzuri mimi nilikuwa mvivu wa vitalu. Nilichora mistari kati ya sukuma wiki na vitunguu, nikazimwaga mbegu. Kila mbegu ina kishungi cha nywele fupi, kama brashi ya kunyolea ndevu. Nikazifunika kwa udongo mwembamba. Zilipochipuka zilikuwa za kijivu na nyembamba, na Mama akazijia na jembe akidhani ni magugu. Nilipiga kelele mpaka jirani wakatoka nje. Mama bado hutania kwamba siku hiyo ndiyo aliyosikia sauti yangu kwa mara ya kwanza.

Nilizipenda mno, hata nikazitia samadi nyingi. Zikarefuka, zikalegea, upepo wa jioni ukazilaza kama walevi. Ilinibidi nizifunge kwa vijiti na kamba. Ua lile hutaka udongo wa wastani, lakini nilikuwa sijui, na sikumwuliza yeyote.

Jumatatu ya wiki ya harusi yakafunguka ya kwanza. Watoto waliokuwa wanapita barabarani waliingia ndani bila kubisha hodi, wakasimama kuyatazama. Yalikuwa mazuri kuliko picha. Na nyuma ya yale machache yalikuwako mamia ya matumba, maua yaliyojifunga bado, kila moja na ncha ya buluu imechungulia kidogo. Wanjiru alikuja akapitisha kiganja juu yake bila kuyagusa. Hakusema neno. Mtu anayependa kucheka akinyamaza hivyo, unajua limemfika moyoni.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Kule Naivasha waridi hukatwa likiwa tumba, kwa sababu litasafiri mbali na litafungukia huko linakokwenda. Ua lililofunguka shambani lilikuwa aibu ya mkataji. Msimamizi alilitupa chini mbele ya wenzako, akalikanyaga. Nilikuwa nimekanyagiwa maua mangapi! Mkono wangu ukajifunza kuogopa ua lililo wazi, na mkono ukishajifunza kitu hauulizi tena kichwa.

Basi Alhamisi alfajiri nikaingia bustanini na makasi. Nilikata matumba yote, yale magumu yaliyofumba vizuri, nikayapanga kwenye ndoo za maji. Na yale yaliyokwisha kufunguka, yale ambayo watoto waliingia kuyatazama, niliyakata nikawapa mbuzi. Niliyaona ni hasara. Mbuzi walifurahi sana. Kisha nikaziingiza ndoo stoo, penye giza na baridi, nikafunga mlango kama tulivyofunga chumba cha baridi kule shambani.

Ijumaa asubuhi nilifungua nikakuta shingo zimelala. Hakuna hata tumba moja lililofunguka. Ile ncha ya buluu ilikuwa imegeuka kijivu kama jivu la kuni mbichi. Nilibadilisha maji. Nilikata mabua upya. Nilitia sukari. Nilisimama hapo muda mrefu, kisha nikafunga mlango nikatoka.

Wanjiru alikuwa uani. "Daktari, wagonjwa wako wanaendeleaje?"

"Wamelala," nikasema.

"Wakiamka unijulishe." Akaenda zake anacheka.

Saa nne akaja na kikombe cha chai, akaniomba nimwonyeshe ua moja tu. Nikamwambia mwanga utayaharibu. Mchana wakafika dada wawili wa bwana harusi kutoka Njoro, na Wanjiru akawaleta mpaka mlangoni mwa stoo, ameshika mikono yao. Akaniuliza mara ya tatu, "Kamau, yako sawa?" Nikasema yako sawa. Akawageukia wale wasichana akasema kwa majivuno, "Kesho mtaona buluu ambayo kwenu Njoro haijawahi kufika." Wakacheka wote watatu, wakarudi jikoni. Hapo ndipo nilipokwenda kuketi nyuma ya stoo.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa bibi mmoja wa Kikalenjin, Kogo Tapkigen. Kogo ni nyanya kwa lugha yao, na boma zima tulimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mrefu, anatembea na fimbo ambayo hakuihitaji. Alikuja kuchukua sufuria kubwa lililokuwa stoo, akanikuta.

"Wewe kijana, mbona umekaa hapa kama kuku anayeatamia?"

"Napumzika, Kogo."

"Kazi gani imekuchosha? Viazi wanamenya wanawake." Akaingia ndani. Nilisikia sufuria likiburutwa, kisha likanyamaza. Alipotoka hakuwa na sufuria. Alikuwa na tumba moja la kijivu kati ya vidole vyake.

"Hii imekufa."

"Ndiyo, Kogo."

"Tangu lini?"

"Asubuhi."

"Nani anajua?"

"Sasa ni wewe na mimi."

Hakunifokea. Alipindua debe akaketi mbele yangu, magoti yake yakikaribia yangu, akatazama kilimani mahali kondoo wake walipokuwa. Akasema, "Nilipokuwa msichana mdogo kuliko wewe nilichunga kondoo wa baba. Mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya. Mimi sikujua kumgeuza. Boma lilikuwa karibu, ningeita tu. Lakini siku hiyo ndiyo kwanza baba alikuwa ameniachia kundi peke yangu, nikaona haya. Nikakaa naye. Nikamwimbia." Akachimba udongo kwa ncha ya fimbo. "Walikufa wote wawili, wakinisikiliza."

Nikainamisha kichwa.

"Kijana, haya maua uliyaua kwa kutojua. Hiyo si dhambi, hata mimi sijui maua ya wazungu. Lakini tangu asubuhi unaua nini?"

Akainuka, akanigonga bega kwa fimbo, si kwa nguvu. "Simama. Jua bado liko juu."

"Kogo, mwambie wewe."

"Mdomo ni wako. Mimi nitasimama kando yako, na nitanyamaza."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nililisikia neno hilo shuleni nikalicheka, kwa sababu ya neno uchi. Siku ile nilivuka ua wetu wa hatua ishirini nikalielewa lote.

Wanjiru alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasukwa nywele, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Wanawake wamemzunguka, visu na viazi mikononi. Nikasema, "Wanjiru, maua yamekufa." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Kitana kikasimama kichwani mwake.

"Ati nini?"

"Yamekufa yote. Niliyakata mapema. Sikujua."

"Yamekufa sasa hivi?"

"Tangu asubuhi."

Akanyosha mkono. "Pakiti iko wapi?" Nikaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Akaigeuza nyuma, akasoma kimya, kisha akatusomea kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya darasani: "Kata ua linapoanza kufunguka. Tumba lililofumba halitafunguka likiwa kwenye maji." Akanirudishia. "Mistari miwili, Kamau. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kuwasomea wasiojua kusoma, na hata siwacheki. Ungeniletea."

"Niliona haya."

"Nimekuuliza mara tatu leo." Hapo machozi yakamtoka. "Maua si kitu, yanaota mengine. Lakini umeniacha nikajisifu mbele ya mawifi kwa kitu ambacho hakipo, na wewe umesimama hapo unanitazama."

Mwanangu, nimewahi kupigwa kiboko, nimewahi kuanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Mai Mahiu nikachubuka ngozi ya mkono mzima. Hayo hayakuniuma kama maneno yale.

Ndipo Kogo, aliyeahidi kunyamaza, akakohoa. "Mimi nina pareto imechanua huko juu. Ni nyeupe, katikati njano. Si buluu. Lakini iko hai."

"Pareto?" mwanamke mmoja akashtuka, kiazi mkononi. "Bibi harusi aende kanisani ameshika dawa ya wadudu?"

"Si vizuri?" mwingine akadakia. "Kunguni wa Njoro watahama wenyewe kabla hajafika."

Wa kwanza kucheka alikuwa Wanjiru. Alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni, na dada za bwana harusi wakamwangukia mabegani wakicheka naye, ingawa kunguni walikuwa wa kwao. Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Nguo za buluu, maua meupe," akasema. "Kogo, nipe pareto yako."

Tulipanda kilimani, Kogo na mimi na ndoo. Kama hujui, pareto huchumwa kichwa tu kwa vidole, bua hubaki shambani lizae tena. Siku ile ilibidi tukate na mabua yake, ili yashikike. Kila bua tulilokata lilipunguza mavuno ya Kogo, naye hakuyahesabu. Nilisimama mbele ya mstari wa kwanza na makasi yangu, nikayafungua, nikayafunga tena.

"Kogo, nikate lipi?"

Akanigeukia polepole. "Hilo. Lililofunguka lote, lenye uso wa jua. Umeona? Umeuliza, na meno yako yote yapo."

Tulikata mpaka ndoo zikajaa. Wanawake walipomaliza viazi wakaja kutusaidia kuyafunga kwa utepe wa buluu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jioni ile niliona vidole vya boma zima vikifanya kazi juu ya kosa langu, na hakuna aliyelitaja.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Baada ya ibada mama mkwe alimkumbatia Wanjiru, akainamia yale maua akanusa. "Mbona hii ni pareto?" akauliza. Nilikuwa nimesimama karibu. Wanjiru angeweza kutunga hadithi nzuri. Akasema tu, "Ndiyo mama. Konflawa zilikufa, tulizikata kabla ya wakati. Hizi amenipa jirani yetu." Alisema tulizikata. Hakusema alizikata. Mama mkwe akachomoa ua moja, akalichomeka kwenye kilemba chake. "Mimi nimesomeshwa kwa pesa za pareto," akasema, akaenda kusalimia watu.

Baada ya wiki tatu hivi, yale mabua niliyoyakata bustanini yalitoa vichipukizi vya pembeni, na konflawa zikachanua upya, nyingi kuliko mwanzo. Ndivyo lilivyo ua lile: ukilikata huzidi kuzaa. Nilisubiri umande ukauke asubuhi, nikakata yale yaliyofunguka nusu, nikayafunga kwa gazeti lililoloweshwa, nikampelekea Wanjiru Njoro. Alinipokea mlangoni, akayatazama, lakini hakunikaribisha upesi.

"Siku ile nilikasirika kuliko ulivyoona," akasema.

"Najua."

"Nikikuuliza kitu, Kamau, nijibu. Hata kama ni kibaya. Kibaya naweza kukibeba. Kile cha kuchezewa ndicho siwezi."

Nikamwambia nitajibu. Akanishika mkono akaniingiza ndani, akatafuta mkebe wa kutia maji. Tangu siku hiyo amekuwa akiniuliza mambo mengi, mengine mazito kuliko maua, na kila mara nimemjibu.

Sasa, mwanangu, nikuachie neno. Kuna siku utapewa jina zuri na watu, na jina hilo litataka kukufunga mdomo. Usilikubalie. Anayesema "sijui" asubuhi hupoteza sifa ya nusu saa, na anayelisema jioni hupoteza siku nzima ya mtu mwingine. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, nami naongeza kwamba kunyamaza si unyenyekevu. Nilijidanganya miaka mingi kwamba haya yangu ni tabia njema. Haya ni nzuri inapokuzuia kumdharau mtu, lakini inapokuzuia kumwambia ukweli imegeuka kuwa kiburi kilichovaa nguo za upole. Ukikosea, na utakosea, maana mkono uliofunzwa mahali pamoja hupelekwa mahali pengine, nenda kwa uliyemkosea jua likiwa bado juu. Usisubiri maneno mazuri, hayaji. Nenda na yale mabaya uliyo nayo. Na ukimkuta kijana ameketi peke yake nyuma ya nyumba na kosa lake, usimsemee na usimcheke. Simama kando yake tu mpaka aseme mwenyewe.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza. Akupe ndugu wa kusema "tulikosea" siku ambayo umekosea peke yako, na majirani wasiohesabu mabua. Wanaokuuliza habari wakuamini hata kabla hujamaliza kujibu. Nenda salama, mwanangu, na siku zako zifunguke kila moja kwa wakati wake.